Sofa ya Asilimia Kumi

Jumatatu, 4 Agosti

Wanakuja! Jumapili hii! Mzee Omari wa Nanyamba analeta posa ya Riziki, binti yangu wa pekee. Mchumba ni mwanawe, Fadhili, mwalimu wa shule ya msingi. Kijana ana pikipiki, hana majivuno, anasalimia kwa mikono miwili. Sina neno naye.

Neno ninalo na sebule yangu. Leo nimetoka kazini nikaikagua kwa macho ya mgeni. Viti vinne vya mbao, kimoja kimefungwa waya. Meza ambayo mguu wake mmoja ni tofali. Kalenda ya mwaka juzi. Nikajiuliza, mkwe akiingia hapa atajuaje kwamba mimi ni karani mkuu wa ghala la saruji? (Karani mwingine hakuna, lakini hilo halimhusu.)

Halafu yupo Stefano, jirani yangu hapa Magomeni yetu ya kusini, dereva wa magari ya gesi. Alinunua sofa mwezi wa tano na tangu siku ile hafungi mlango. Mchana kutwa mlango wazi, sofa inaonekana mpaka barabarani. Mkewe Martha anafagia kizingiti asubuhi, mchana na jioni ili watu wamsalimie na waitazame. Na wageni wangu lazima wapite kwake kabla ya kufika kwangu! Watoke kwenye sofa waingie kwenye tofali? Haiwezekani.

Nimemweleza Mama Riziki. Akasema wageni wa posa hukaa kwenye mkeka, viti vinatolewa nje, ndivyo ilivyokuwa kwao na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Isitoshe mkeka upo, mpya, wa ukindu wa rangi tatu. Ameusuka mwenyewe kidogo kidogo tangu Riziki amalize shule. Umekunjwa nyuma ya mlango unangoja siku hiyo. Nikamwambia dunia imebadilika. Akaendelea kukanyaga cherehani yake. Mama Riziki akishona bila kujibu, ujue amejibu.

Jumanne, 5 Agosti

Redio ya ghalani leo imeniokoa. Kulikuwa na kipindi cha fedha za nyumbani. Mtaalamu mmoja, mama mwenye sauti ya upole, amesema samani za nyumba zisizidi asilimia kumi ya kipato cha kaya kwa mwaka. Nilikuwa tayari kukasirika, nikijua atasema tusinunue. Kumbe kuna ruhusa! Ya kitaalamu! Wapakiaji waliniuliza ninachekea nini.

Mchana nikaenda mjini, dukani kwa Bwana Zainulabedin. Nikaiona. Sofa ya kona, ile inayokunja kama herufi L. Rangi ya maziwa. Mito saba. Mahali pa kuwekea kikombe! Nikaketi, nikaweka mkono pale pa kikombe, nikajiona ndiye mimi niliyepaswa kuwa tangu mwanzo. Bei, milioni moja na laki nane.

Roshan, mke wa Zainulabedin, ndiye anayekaa kwenye droo ya fedha. Akaniuliza kama nimepima mlango. Swali gani hilo? Nikamwambia kila mwenye nyumba ana mlango. Akainua mabega.

Jioni, hesabu. Ili sofa iwe asilimia kumi, kaya yangu lazima iingize milioni kumi na nane kwa mwaka. Mshahara wangu ni milioni sita. Cherehani ya Mama Riziki, milioni moja na kitu. Tuko mbali. Lakini hatujahesabu mikorosho! Ninayo sitini kule Nanyamba, urithi wa marehemu baba, na mwezi huu imejaa maua. Kila mkorosho nimeuwekea nusu gunia. Nimejizuia, ningeweza kuweka zaidi. Hapo tukafika milioni kumi na tano. Iliyobaki nimeijazia kwa mshahara wa Fadhili, maana mkwe ni mtoto wa nyumba, na mayai.

Milioni kumi na nane kamili! Imeangukia palepale. Mama Riziki amesema mwaka jana mikorosho yote sitini ilitoa magunia manne. Watu wengine hawawezi kufurahi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelipa laki nane, iliyobaki kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Zainulabedin amenipa mkono na soda.

Laki nane nimeitoa wapi? Nitaandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu. Nyingi ni pesa ya shughuli ya Riziki, ya mchele na nyama, ambayo inakaa kwenye simu yangu kwa kuwa mimi ndiye baba. Nyingine ni ya dawa ya mikorosho, ile raundi ya mwisho. Wenzangu wote wameshapulizia. Lakini mikorosho yangu ina maua, mazuri, yananukia mpaka njiani. Imeshapona! Dawa ya nini tena?

Pesa ya shughuli nitairudisha kabla haijaulizwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Imekuja. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilisimama mbele ya nyumba saa nne na mtaa mzima ukatoka. Nilishuka kwenye kibaraza polepole, mikono nyuma.

Haikupita mlangoni.

Tukaisimamisha, haikupita. Tukailaza, haikupita. Tukaigeuza miguu juu, ikaingia nusu ikakwama, nami nikiwa upande wa ndani. Nilikaa humo muda mrefu nikitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Mlango ulibanduliwa. Bado. Stefano alikuja bila kuitwa, amevaa msuli, akawa anaelekeza kwa sauti ya dereva, kushoto, kushoto, rudi, kata! Akaniambia kupitia upenyo kwamba mlango wake yeye ni wa mabawa mawili, alifikiria mapema. Nilimshukuru kwa taarifa.

Mwishowe akaitwa fundi, akakata nondo za dirisha, akang'oa na fremu. Sofa ikaingilia dirishani mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Fundi ameziba kwa tofali na saruji na kurudisha dirisha. Saruji nimeinunua kwa bei ya karani.

Riziki alirudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi, akasimama mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, wageni watapita wapi?" Nikamwambia watakaa, hawatapita.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu. Nimeshinda na sofa yangu.

Nikiri kwamba ni kubwa kidogo. Dukani haikuonekana hivi. Sebule yote sasa ni sofa, pembeni kuna njia ya mtu mmoja asiyeshiba. Mlango wa chumbani unafunguka kiasi cha kiganja na nusu. Mama Riziki anapita ubavu. Mimi napanda juu ya sofa, nashuka upande wa pili, naingia na mguu mmoja kwanza. Cherehani imehamia uani. Televisheni iko nyuma ya sofa, tunaisikia. Mkeka mpya uko kwenye kona yake ileile, umekunjwa, na hakuna pa kuukunjulia.

Nailoni sijaitoa. Sofa ya Stefano ina nailoni mpaka leo.

Baada ya swala Mama Riziki akaniomba pesa ya shughuli, akanunue mchele na nyama ya Jumapili. Nikasema mtandao unasumbua. Akasema atangoja. Akakaa kwenye ncha ya sofa, nailoni ikalia, akangoja. Nilivumilia kama dakika mbili hivi, nikasema yote.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinuka akapita ubavu, akatoka na pesa zake za cherehani alizofunga kwenye kanga, akaenda sokoni.

Jumapili, 10 Agosti

Walifika wanne. Mzee Omari, kanzu nyeupe, mikono ya mkulima. Dada yake, Bi Mwanahawa, ndiye shangazi wa Fadhili. Na wazee wawili wa ukoo. Walivua viatu mlangoni wakasimama, wakitafuta pa kukaa chini. Mzee Omari akauliza kwa adabu, "Nkeka hamna, Baba Riziki?" Nikacheka! Nikasema nyumba hii tumeshavuka mambo ya mkeka. Mama Riziki alikuwa nyuma ya mlango wa chumbani na alisikia kila neno.

Nikawaketisha kwenye sofa. Wawili walioangukia upande mfupi wa L wakawa wanatazama ukuta. Kila aliyetikisika, nailoni ililia, kwa hiyo wakaacha kutikisika. Mzee Omari alikuwa anateleza taratibu kuelekea mbele na kanzu yake, anajirudisha, anateleza tena. Bi Mwanahawa alitaka kwenda chumbani kwa wanawake wenzake. Yeye si mwembamba. Alijaribu ule mlango kwa ubavu wa kulia, akajaribu wa kushoto, akarudi akakaa na wanaume, kichwa chini. Mama wa watu!

Chakula. Pilau ilipakuliwa kwenye sinia, watu wale pamoja. Sinia itue wapi? Sakafu haipo! Nikaamuru kila mtu apewe sahani yake. Mzee Omari aliishika sahani magotini kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake. Alikula matonge matatu.

Halafu akauliza, kwa heshima tu, kiti kama hiki kinauzwaje. Ningeweza kusema ni zawadi. Ningeweza kunyamaza, watu hunyamaza kila siku na hawafi. Nikasema kwetu ni kitu kidogo, asilimia kumi tu ya kipato. Nikasema Riziki amelelewa kwenye vitu kama hivi, mahali pagumu hawezi kukaa.

Riziki alikuwa mlangoni na trei ya juisi. Mtoto huyu alifanyia kazi zote za shule akiwa amekalia tofali.

Niliona kona ya kitambaa cheupe ikichungulia kwenye mfuko wa kanzu ya Mzee Omari. Kitambaa cha posa. Mkono wake ulikuwa umekigusa. Kisha ukakirudisha chini, taratibu, mpaka hakikuonekana. Akasema wanashukuru sana kwa ukarimu, wao walipita tu kusalimia.

Kusalimia! Kutoka Nanyamba, watu wazima wanne, na kanzu zimepigwa pasi!

Jumatatu, 11 Agosti

Riziki haniangalii. Ananipa chai akiwa ametazama ukuta, na ukuta uko karibu sana siku hizi.

Fadhili amempigia simu. Baba yake amesema nyumba ile hawaiwezi. Binti aliyezoea kiti cha namna hiyo atalala wapi kwenye vyumba viwili vya mwalimu? Na baba mwenye nyumba hiyo atataka mahari gani? Hana ubaya na mtu. Anaogopa tu kumwaibisha mwanawe.

Nimesikia haya kupitia mlango unaofunguka kiganja na nusu. Halafu nikamsikia mwanangu analia. Alikuwa ameziba mdomo na mto, mmoja wa ile saba.

Nilikuwa nimekaa pale pa kikombe. Nilijisikia vibaya kweli.

Jumanne, 12 Agosti

Lakini kulia hakutengenezi kitu. Nina mpango.

Tatizo ni kwamba wanaamini sofa ni yangu. Wakiamini si yangu, mimi ni maskini mwenzao na mambo yanaendelea. Nimempigia Mzee Omari simu nikiwa ghalani, kati ya mifuko ya saruji, sauti isitoke nje. Nimemwambia nina aibu kumkiri jambo. Ile sofa ni ya jirani yangu Stefano. Niliiazima niwaheshimu wageni, na yale maneno mengine yalinitoka kwa woga.

Nikasikia pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Baba Riziki, si ungesema!" Akacheka, akaniita ndugu yake. Akasema hata wao zile kanzu mbili za wazee waliziazima. Watakuja tena Jumapili.

Nimemwambia Mama Riziki kwamba wanakuja, nimeyamaliza. Akaniuliza nimeyamalizaje. Nikasema kwa maelewano. Akaenda uani kushona.

Jumatano, 13 Agosti

Imebaki kumwambia Stefano kwamba sofa ni yake.

Nilimweleza kwa kifupi, akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema sawa, hana kinyongo, yeye yuko tayari kusema chochote kwa ajili ya Riziki, alimwona akiwa na meno mawili. Nikamshika mkono. Akaendelea. Kama sofa ni yake, basi si ije kwake? Maana wageni wakiikuta kwangu tena Jumapili, hiyo si kuazima, hiyo ni kuhamia.

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Akasema anainunua. Laki tisa, taslimu. Nusu bei! Nikamwambia anataka kuninyonga. Akasema ananisaidia, kwanza imeshatumika. Martha alikuwa kwenye kizingiti na ufagio, ameanza kupima kwa macho.

Laki tisa nzima inakwenda kwa Zainulabedin. Baada ya hapo bado atakuwa ananidai laki moja, na sofa sina. Nimerudia hesabu hii kwa njia tatu. Zote zimekataa kubadilika.

Jumamosi, 16 Agosti

Fundi yuleyule. Dirisha lilelile. Watu walewale, safari hii wengine walileta viti. Makofi yalikuwa makubwa zaidi.

Sofa ikabebwa hatua chache mpaka kwa Stefano. Akafungua bawa la kulia, akafungua bawa la kushoto. Ikaingia kama mtu anayerudi kwao. Sasa ana mbili, zinatazamana. Mlango ameacha wazi.

Saruji nimenunua tena. Bosi ameuliza ninajenga nini.

Jumapili, 17 Agosti

Mama Riziki aliamka kabla yangu. Nilipotoka chumbani (mlango unafunguka wote! nilikuwa nimesahau) sebule ilikuwa tupu, imepigwa deki, na katikati umekunjuliwa ule mkeka. Kijani, zambarau na nyeupe. Ulienea toka ukuta hadi ukuta. Sikuwahi kuuona umekunjuliwa wote. Miaka yote ile nilikuwa naona kipande kilichoko mapajani mwake. Nikavua ndala kabla ya kuukanyaga.

Wageni walifika saa nne. Nilikuwa dirishani. Wakapita mlango wa Stefano, na Mzee Omari, mtu muungwana, akasimama kumsalimia. Nikamsikia kwa masikio yangu akimshukuru kwa kuniazima sofa siku ile, akasema majirani wa namna hii wamekuwa adimu.

Stefano alikuwa amesahau. Naapa alikuwa amesahau tu, hakuwa na nia mbaya, alikuwa ametoka kanisani ana furaha. "Kumwazima nini, mzee wangu? Hii nimeinunua kwake jana! Nusu bei! Hebu ingia, kalia!" Nikamwona Martha akimfinya. Nikamwona akikumbuka.

Dirisha lile limenitesa sana mwezi huu.

Wakaingia. Wakavua viatu, wakakaa kwenye mkeka wakakunja miguu, na Bi Mwanahawa akapita moja kwa moja chumbani kwa wanawake. Riziki alikuwa nyuma ya pazia, niliziona ncha za vidole vya miguu yake.

Mzee Omari akapapasa mkeka kwa kiganja, akauliza nani ameusuka. Nikasema mke wangu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema ana neno.

Akasema Jumatano, baada ya ile simu yangu, alipita shambani kwangu. Akakuta maua ya mikorosho yameanza kushika ubwiri, unga mweupe matawi yote ya chini. Akasikitika. Akajisemea, ntu huyu ameishiwa, hata dawa hana, na bado aliazima kiti ili atuheshimu. Basi akawaita vijana wake, pamoja na Fadhili, wakapulizia mikorosho yangu. Yote sitini. Kwa dawa yake mwenyewe, iliyokuwa imebaki kwake.

"Na sasa hivi hapo nje," akasema, "nimesikia habari nyingine."

Nimewahi kuona aibu maishani. Nilishateleza mbele ya imamu. Nilishakwama ndani ya nyumba yangu nyuma ya sofa. Hii haikuwa ya aina hiyo. Nilitazama ule mkeka, nikasema kweli yote, toka redio mpaka simu ya ghalani. Nikasema sofa ilikuwa yangu, na pesa ilikuwa ya mchele wa binti yangu na ya dawa ya mikorosho. Nikasema Riziki hakuzoea kiti chochote, alisomea kwenye tofali, na kama wana hasira iwe juu yangu, yeye wasimwadhibu.

Mmoja wa wazee alikohoa. Nilipoinua macho, mabega ya Mzee Omari yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Mpaka kofia ikahama! Akasema alipomwoza binti yake mkubwa alinunua kabati la vioo, mauzo yote ya korosho ya mwaka ule, ili wakwe walione. Wakwe walikaa barazani, hawakuingia ndani. Ndani ya kabati hilo leo wanalala kuku.

Kisha akawa mpole. Akasema alikuja kwa ajili ya binti, na binti hana kosa. Na dawa imeshakauka kwenye majani, hawezi kwenda kuikwangua. Akaingiza mkono mfukoni. Kitambaa cheupe kikatoka, chote safari hii, akakiweka juu ya mkeka mbele yangu.

Nyuma ya pazia nilisikia kitu kama kicheko na kilio kwa pamoja. Chumbani vigelegele vikapasuka, cha Mama Riziki nilikitambua kati ya vyote. Tukala sinia moja. Mzee Omari alikula mpaka akaomba ukoko.

Jioni Riziki amenipa chai akinitazama usoni. Mama Riziki amesema neno moja tu. Amesema hiyo redio ya ghalani niizime.

Nimeizima. Sitasahau siku hii. Mimi ni mtu mwingine.

Jumatano, 20 Agosti

Tumekubali posa. Arusi baada ya msimu wa korosho. Watakaa Nanyamba, kwenye vile vyumba viwili vya mwalimu.

Leo nimeomba ruhusa kazini nikapanda bodaboda kwenda kuitazama mikorosho, nimshukuru na Mzee Omari. Subhanallah! Unga mweupe umekwisha. Maua yamesimama, mengine yameanza kufunga vikorosho vidogo kama kucha ya mtoto. Wale vijana wana mkono mzuri. Nilizunguka shamba zima peke yangu na machozi yakanilengalenga, nilipokumbuka wema wa watu wale.

Halafu nikafikiri. Mikorosho isiyo na dawa niliiwekea nusu gunia. Hii iliyopuliziwa na wataalamu, je? Siwezi kuweka chini ya gunia zima, ingekuwa ni kuwadharau wakwe.

Nikaketi kwenye kisiki nikapiga hesabu upya. Asilimia kumi ya hiyo ni pesa nyingi sana. Inatosha samani ya nyumba mbili. Na hapa sizungumzii tena nyumba yangu, mimi nimeshajifunza. Nazungumzia ya mwanangu. Baba anamwozaje binti yake wa pekee bila hata kitanda?

Njiani nilipita kwa fundi seremala, palepale Nanyamba. Ana mbao za mninga, kavu. Tumeelewana. Kitanda cha sita kwa saba, ubao wa kichwani wenye kioo, droo nne chini, na taa mbili, moja kila upande. Na mahali pa kuwekea kikombe! Nimempa kianzio, ile laki moja niliyokuwa nimemtengea Zainulabedin. Zainulabedin ni mtu mwelewa. Mama Riziki nitamwambia kikishakamilika, iwe ghafla, afurahi.

Fundi aliniuliza kama nimepima mlango wa chumba cha Fadhili. Hawa watu wa samani wote wana swali moja! Nikamwambia asihangaike na mlango, nimeshapita pale nikachungulia.

Dirisha lao ni pana.